Barua kwa rafiki aliyetaka kuuza simu yake

Morogoro,
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, shemeji yako hajambo, na mwanao yule mdogo ameanza kutambaa hadi mlangoni, kwa hiyo siku hizi humu ndani hakuna kitu kinachokaa chini. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umenieleza kwamba mitihani ya uhasibu ya NBAA ya Novemba imebakiza miezi mitano, kwamba yale masomo mawili uliyoyabakiza mwaka jana bado hujayagusa, na kwamba kila usiku unakaa na kitabu mezani na simu mkononi, na simu ndiyo inayosomwa. Ukamalizia kwa kusema unataka kuiuza hiyo iPhone, ununue kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, yaishe.

Nakuomba usiiuze kwanza. Njia hiyo nimeipita mwenyewe mwaka jana na ninajua inakoishia. Nilihamishia laini kwenye kitochi, simu kubwa nikaifungia kwenye sanduku la nguo, nikajiona nimeokoka. Siku nne za mwanzo zilikuwa tamu kweli. Siku ya tano ratiba ya kusimamia mitihani ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu, mimi sikuiona, na zamu iliyokuwa yangu ikashikwa na mwenzangu ambaye hadi leo ananikumbusha. Wiki ya pili nikaanza kuazima simu ya shemeji yako ili niangalie kitu kimoja tu, na kufikia wiki ya tatu nilikuwa namaliza bando lake badala ya langu. Alinivumilia mpaka siku aliponinunia, ndipo nikaitoa simu sandukuni. Nawe una benki humo, una kundi la ofisi, una mitihani ya miaka iliyopita uliyoihifadhi humo humo. Kiswaswadu kitakunyima hayo yote, na video utazifuata kwenye kompyuta ya kazini.

Ngoja nikusimulie usiku ulionifanya nilishughulikie jambo hili kwa dhati. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu mwaka huu. Kesho yake asubuhi nilikuwa na kipindi cha kwanza na Kidato cha Tatu, juu ya namna nuru inavyopinda inapoingia kwenye maji, nami nilitaka kupata video fupi yenye mfano mzuri kuliko ule wa penseli ndani ya glasi, ambao nimeurudia kwa miaka tisa. Saa tatu na nusu nikapanda kitandani, nikashusha chandarua, nikawasha simu. Video niliyoitaka niliipata. Ilikuwa ya dakika sita, na ilikuwa nzuri. Ilipokwisha ikaja nyingine yenyewe kabla sijanyanyua kidole, ya lenzi. Baada yake ya fundi anayesaga vioo vya miwani. Baada yake ya fundi anayefufua trekta lililoozea shambani. Na mwisho nikajikuta namtazama mtu asiye na shati akichimba bwawa la kuogelea msituni kwa kijiti. Mtu huyo simjui, shamba sina, na bwawa sina mpango nalo. Simu ilikuwa imepata moto hadi nausikia kifuani. Kilichonigutusha ni ujumbe ulioingia kuniarifu kwamba kifurushi changu cha wiki kimekwisha, na wiki yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Nikatazama saa: saa saba na dakika arobaini. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa, macho yakiwasha, nikaomba glasi ya maji na penseli.

Sisi tuliokulia mtaa mmoja video hatukuanza kuziona jana. Unalikumbuka lile banda umiza la nyuma ya mashine ya kusaga? Tulilipa shilingi 50, tukabanana kwenye mbao kama dagaa, tukatazama filamu za kupigana ambazo maneno yake hatukuyaelewa hata nusu. Lakini mkanda ulipokwisha, ulikwisha. Mwenye banda alisukuma mlango, jua likatuingia machoni, akapaza sauti kwamba nje wote, na aliyetaka kuendelea alilipa upya. Banda la sasa limo mfukoni na hakuna anayemfukuza mtu, na hilo lilitokana na kazi ya watu. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze chini kila unapousogeza, usifike mwisho, na miaka ya baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Nakutajia jambo hilo kwa sababu katika ujumbe wako umejiita mvivu mara mbili, nami nakufahamu tangu darasa la tatu. Mvivu hawezi kufanya hesabu za kampuni mchana kutwa na jioni akafungua vitabu. Umeingia kwenye nyumba iliyojengwa bila mlango wa kutokea, basi.

Nilianza na kilichokuwa karibu. Simu yangu ni ya Android, na ndani ya Mipangilio kuna sehemu iitwayo Nidhamu Dijitali, ambayo Google waliitangaza mwaka 2018 na mimi nikaipita miaka yote nikidhani ni ya watoto. Nilipoifungua ilinionyesha duara la rangi na hesabu ya siku iliyotangulia: muda wa saa 3 na dakika 52 nikiwa kwenye simu, sehemu kubwa ikiwa video, na simu yenyewe nimeifungua mara 71. Ungeniuliza kabla ya hapo, ningekuapia kwamba ni nusu saa. Nikaiwekea programu ya video kikomo cha dakika 30 kwa siku. Dakika zikiisha, programu inajifunga na alama yake inageuka ya kijivu hadi kesho.

Siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu nikagundua kwamba kesho ya simu huanza saa sita usiku kamili, nikawa nakesha nikiisubiri kama mtu anayesubiri daku. Na hata kusubiri hakukuwa na haja, kwa kuwa kikomo nilichokiweka mwenyewe niliweza kukiondoa mwenyewe, palepale, kwa kubonyeza mara mbili tatu, na mtu wa saa nne usiku hakosi sababu. TikTok nao mwaka 2023 walitangaza kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, lakini kijana wa miaka 13 hadi 17 aliachiwa nafasi ya kuingiza namba ya siri na kuendelea. Nikaona tatizo la kwangu na la vijana wale ni moja: mlango umefungwa, ufunguo umetundikwa kwenye komeo.

Tangu hapo nimeshika jambo moja, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Mambo ya simu yaamuliwe na mimi wa saa nne asubuhi, ambaye nimelala, nimekunywa chai na akili zangu ninazo. Mimi wa saa nne usiku nisipewe hata nafasi ya kukata rufaa. Kwa hiyo nilitafuta programu ya kufungia programu nyingine kwa nywila, na nywila yenyewe akaiweka shemeji yako. Mara moja tu nimewahi kumwomba anifungulie, mwezi wa nne, nikamwambia natayarisha kipindi. Akaniuliza ni kipindi gani cha Jumamosi usiku. Sikuomba tena.

Kwenye iPhone yako kazi ni nyepesi kuliko yangu, kwa sababu kila kitu kimo ndani. Ingia kwenye mipangilio, tafuta Screen Time, sehemu ya kupima muda wa simu, ambayo ilikuja na mfumo wa iOS 12 mwaka 2018, uweke kikomo kwa programu za video peke yake. Usifunge kila kitu kwa hasira, la sivyo siku ya mshahara utakuta hata programu ya benki imekufungia mlango. Unapoweka kikomo cha programu, ongeza na tovuti yake, maana ukifungiwa mbele utazungukia nyuma, nami najua kwa kuwa nilizunguka. Kisha kuna namba ya siri ya tarakimu nne, tofauti na ile unayofungulia simu. Hiyo usiiweke wewe. Mpe simu dada yako unayeishi naye, ageukie ukutani, aiweke yeye, na umwombe asitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa ukoo wenu. Simu itauliza akaunti ya Apple ya kuikomboa namba hiyo endapo itasahaulika. Ukiingiza ya kwako umejichongea ufunguo wa akiba, kwa hiyo ama aingize ya kwake, ama airuke hatua hiyo. Tena hakikisheni mmewasha kile kipengele cha kufunga kabisa muda unapokwisha. Bila hicho simu itakuletea kitufe cha kupuuza kikomo, nawe nakujua, utakibonyeza.

YouTube usiiondoe. Kwangu isingeondoka hata ningetaka, maana ilikuja na simu na inakubali kuzimwa tu. Lakini hata ingekubali, ningeiacha. Mimi napata humo majaribio ya fizikia ambayo maabara yetu haina vifaa vyake, na wewe utapata walimu wa uhasibu wanaoeleza taratibu kuliko kitabu. Kinachotakiwa ni kuinyamazisha. Zima historia ya video ulizotazama, na ile ya zamani uifute. Tangu Agosti 2023, akaunti iliyofanya hivyo haipangiwi mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukifungua unakuta peupe, na juu yake mahali pa kutafutia. Mara ya kwanza nilikaa nikiutazama ule weupe kama mtoto aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Nimekuja kuupenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba nikiwa na jina la kitu ninakipata, na nisipokuwa nalo nageuka nilikotoka. Zima vilevile uchezaji wa kiotomatiki, ili video ikiisha iishe. Chini ya video bado utaona nyingine zimejipanga zikikusubiri, na hapo sijapata dawa zaidi ya kuilaza simu kifudifudi.

Ile programu nyingine, ya video fupi fupi, niliiondoa kabisa wala sina maelezo marefu: sikuwahi kuingia humo nikitafuta kitu.

Kuna mambo madogo ambayo sikuyatarajia. Mahali alama ya programu hiyo niliyoiondoa ilipokuwa, simu ilisogeza kikokotoo, na kwa wiki nzima kidole changu kiliendelea kwenda palepale chenyewe, hata kabla sijafikiri, nikawa nafungua kikokotoo mara ishirini kwa siku. Nikiwa kwenye foleni ya daladala, kikokotoo. Nikingoja chai ichemke, kikokotoo. Nililicheka jambo hilo, lakini lilinitisha pia, maana mkono ulikuwa na mazoea yake usiyonishirikisha. Jingine ni rangi. Saa tatu usiku simu yangu inageuka nyeusi na nyeupe, kwa ile hali ya wakati wa kulala iliyomo humo humo kwenye Nidhamu Dijitali. Nilidhani ni mapambo tu. Kumbe hamu nyingi ilikuwa kwenye rangi. Mpishi akifunua sufuria ya pilau la kijivu linalofanana na zege, huna sababu ya kuendelea kumtazama.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa mtu mwingine. Wiki iliyopita hesabu yangu ya video ilikuwa kama dakika 40 kwa siku, na Jumapili ilipanda kwa sababu ya mpira, ambao sikuuzuia wala sikusudii kuuzuia. Usiku mwingine nasoma, usiku mwingine nalala tu saa nne kama mzee. Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzito, hasa kati ya saa mbili na saa nne, saa ambazo sikujua nilikuwa nazifanyia nini kabla ya simu kuzichukua. Kwako wewe zina pa kwenda. Nakushauri uchukue somo moja tu kwanza, lile la kodi, kwa kuwa ulilikosa kwa alama chache, na jingine uliache hadi mwisho wa Julai.

Nina ombi moja. Kabla dada yako hajaweka namba, fungua hiyo Screen Time, piga picha ya hesabu ya wiki nzima jinsi ilivyo, unitumie. Usiipunguze kwanza kwa siku mbili tatu ili ionekane ya heshima. Nami nitakutumia yangu ya mwezi wa tatu, niliyoitunza, halafu kila Jumamosi tubadilishane, tuone.

Msalimie mama na dada. Ukinipigia baada ya saa tatu usiku hutanipata. Nimenunua saa ya mezani ya kuniamsha, na simu inalala jikoni, juu ya kabati la vyombo. Likiwa la dharura, namba ya shemeji yako unayo.

Ni mimi ndugu yako,
Mwalimu