Tuzo za magari ya mota ziende kwa wanafunzi wanaobuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maonyesho ya sayansi ya shule zetu, hasa meza zinazowekwa magari madogo ya mota yaliyoundwa kwa matofali ya plastiki, yale ya Lego na mengine yanayofanana nayo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na katika maonyesho niliyohudhuria nimeona tuzo ikienda kwa gari lililojengwa kwa kufuata kijitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, lenye rangi zinazolingana na milango inayofunguka, ilhali gari alilolibuni mwanafunzi mwenyewe, lenye fremu isiyovutia macho lakini giaboksi inayofanya kazi, linapitwa na majaji bila hata kuulizwa swali moja. Nawaomba waandaaji waubadilishe utaratibu huo, na ningependa kueleza kwa nini.

Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala Ole Kirk Christiansen katika mji wa Billund nchini Denmark, na tofali lake la plastiki tunalolijua lilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1958. Mwaka 1977 kampuni hiyo ilitoa seti zenye gia, ekseli na matofali yenye matundu, ambazo baadaye zilipewa jina la Technic. Mojawapo ilikuwa seti namba 853, chesisi tupu ya gari isiyo na bodi: usukani wake uligeuza magurudumu ya mbele, na pistoni za injini yake ya silinda nne zilipanda na kushuka gari liliposukumwa. Kilichouzwa pale kilikuwa ni namna gari linavyofanya kazi, na hicho ndicho ningependa majaji wetu wakitafute.

Anayefuata kijitabu hupata gari zuri na huenda akapata subira pia, jambo ambalo silidharau. Anayebuni, kwa upande wake, hulazimika kupiga hesabu. Matundu ya kupitishia ekseli yameachana kwa milimita 8. Gia ya meno 8 ina nusukipenyo cha milimita 4, ya meno 16 milimita 8, ya meno 24 milimita 12, na ya meno 40 milimita 20. Kwa hiyo gia ya meno 8 hushikana sawasawa na ya meno 24 ekseli zao zikiwa zimeachana kwa milimita 16, yaani nafasi ya matundu mawili, na gia mbili za meno 16 nazo hushikana katika umbali huohuo. Mwanafunzi akiligundua hilo, tayari anaweza kuunda giaboksi ya gia mbili, kwa kuwa ekseli hazihitaji kuhama. Kinachohitajika ni kipande kinachoteleza ili kuchagua ni jozi ipi ipeleke nguvu kwenye magurudumu.

Hesabu ya mota nayo ina utamu wake. Mota ya XL ya Power Functions, mfumo wa mota na betri wa Lego ulioanza kuuzwa mwaka 2007, huzunguka takriban mara 220 kwa dakika kwa volti 9 ikiwa haina mzigo. Ikiunganishwa moja kwa moja na gurudumu la kipenyo cha milimita 62, gari linapaswa kwenda karibu mita 43 kwa dakika. Lakini likibebeshwa mzigo au likipandishwa mlima mota huelemewa, na mwendo huo hubaki kwenye karatasi. Nguvu ikipitishwa kutoka gia ya meno 8 kwenda ya meno 24, mwendo hushuka hadi mita 14 hivi kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha hupanda kwa karibu mara tatu, ukiondoa ile inayopotea katika msuguano. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba mashine haitoi kazi ya bure, na kwamba kila anachokipata katika nguvu amekilipia katika mwendo. Nimefundisha kanuni hiyo ubaoni kwa miaka mingi, na sijapata njia bora zaidi ya kuieleza kuliko gari linaloshindwa kupanda ubao ulioinamishwa, kisha likaupanda baada ya kubadilishwa gia mbili tu.

Linalofuata ni fremu, ambayo wengi huipuuza. Mota ikipewa mzigo mkubwa, gia husukumana, matofali huachana kidogo, na meno huanza kurukana kwa mlio ambao kila mjenzi anaufahamu. Dawa yake ni kufunga fremu kwa vipande vya wima, na hapa tena vipimo vinamsaidia anayefikiri. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na bamba jembamba milimita 3.2. Mabamba mawili yakiwekwa kati ya tofali na tofali, matundu ya juu na ya chini huachana kwa milimita 16 kamili, na kipande cha wima huingia bila kulazimishwa. Majaji hawawezi kuiona kazi hii wakitazama bodi kwa nje. Hali ni hiyohiyo kwa difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja: gia tatu za meno 12 ndani ya kikombe kimoja huliruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani gari linapokata kona, na mwanafunzi aliyeiacha difu kwa makusudi, kwa sababu gari lake ni la njia mbovu na gurudumu moja likinyanyuka lingezunguka bure hewani, anastahili kupewa nafasi ya kuieleza sababu hiyo.

Najua litajibiwa kwamba matofali haya ni ghali, na ni kweli kwamba shule nyingi hazina uwezo wa kuyanunua. Lakini hoja hiyo inaunga mkono ombi langu, kwa sababu ubunifu hauhitaji seti kubwa. Hataza za tofali la awali zilikwisha muda wake zamani na kampuni nyingine hutengeneza matofali yanayoshikana na ya Lego. Ipo pia LDraw, programu ya bure iliyoanzishwa na James Jessiman wa Australia mwaka 1995, inayomwezesha mtu kuchora gari lake lote kwenye kompyuta hata kama hana tofali hata moja. Zaidi ya hayo, watoto wetu wamekuwa wakiunda magari ya waya na makopo, yenye usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele, tangu zamani na bila kijitabu chochote. Sioni kwa nini fremu ya waya iliyofungwa mota na gia chache za plastiki isikubaliwe katika mashindano hayohayo.

Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba kila gari lifunguliwe mbele ya majaji, na mwanafunzi aulizwe gia zake zina meno mangapi na kwa nini alizichagua. Gari lijaribiwe kwenye ubao ulioinamishwa likiwa na mzigo uliopimwa, kisha likate kona. Mwanafunzi alete daftari lenye michoro yake ya awali, pamoja na ile aliyoiacha. Waliofuata kijitabu wapewe kundi lao na tuzo yao ndogo, maana nao wamefanya kazi. Na kwako Mhariri, ukurasa wako wa watoto ungeweza kuchapisha, kila baada ya muda, mchoro mmoja wa giaboksi iliyobuniwa na mwanafunzi wa hapa nchini pamoja na hesabu yake ya meno, ili walio mbali na maonyesho waijaribu na kuikosoa.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro