Mdogo wangu, Mzee Bennet tusimpe maksi za bure

Mdogo wangu mpendwa,

Voisi yako nimeisikiliza yote nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, eti kwenye Pride and Prejudice, ile riwaya ya Jane Austen, hakuna unayempenda kama Mzee Bennet, baba yake Elizabeth, na ungeambiwa uchague baba ungemchukua yeye. Nakuelewa kabisa. Hata mi nampenda, hasa pale mama anapolazimisha Elizabeth aolewe na Collins, yule ndugu yao wa ukoo, mzee anamwambia mwanae mama yako hataki kukuona tena usipoolewa naye, na mimi sitaki kukuona tena ukiolewa naye. Baba anayefurahia akili ya binti yake hivyo, hata hapa Dar tunawatafuta.

Lakini hebu piga hesabu. Mali yake inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, siyo hela ndogo enzi zile, na anajua fika siku akifa nyumba na ardhi vinaenda kwa Collins kwa sababu hana mtoto wa kiume. Mabinti 5! Akiba hakuweka, alitegemea atazaliwa mvulana, mvulana hakuja, basi ikawa imetoka hiyo. Halafu mama anayehangaika kuwatafutia wachumba ndo tunamcheka, wakati mi naona yule mama na kelele zake zote ndo pekee anayeogopa kinachostahili kuogopwa, na mumewe anamfanya kichekesho mbele ya watoto.

Kinachonichoma zaidi ni la Lydia, binti yake mdogo kuliko wote. Elizabeth anamfuata baba kabisa, anamwambia huyu usimruhusu kwenda Brighton, mji wa pwani, kule kumejaa wanajeshi, na mzee anajibu kwamba asipoenda nyumbani hapatakalika. Yaani utulivu wake na vitabu vyake kwanza. Mtoto wa miaka 16 akatoroka na Wickham, mmoja wa wanajeshi hao, na aliyetoa hela kuokoa jina la familia ni Darcy, yule tajiri anayempenda Elizabeth, siyo baba. Ndiyo, alikiri kosa, ila hapohapo akasema hayo majuto yatapita tu.

We unamwangalia kwa macho ya Elizabeth, kipenzi chake. Mabinti zake wengine, kina Kitty na Lydia, anawaita wajinga na hakuna siku alikaa nao akawafundisha, sasa huo ujinga wangeutolea wapi dawa?

Jumamosi navuka kuja Kigamboni. Kabla sijafika rudia sura ya 42, pale Elizabeth mwenyewe anapomuwaza baba yake, halafu tubishane vizuri.

Dada yako