Barua ya wazi kwa vijana wanaosuluhisha magomvi ya mashamba Bushi

Bukavu

Vijana wangu mnaopanda milima ya Bushi, nchi ya Bashi, kwenda Kabare na Walungu,

Hapa mjini mtaambiwa kwamba vita vyetu vinatoka kwa watu kuzaa mno. Msipande mlima na neno hilo. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, watu wamebanana, mashamba yao ni vipande, na bado kisiwa kile kilipita miaka ya vita kwa utulivu ambao ng'ambo zote mbili za ziwa hazikuupata. Walikale, Kivu ya Kaskazini, msitu ni mkubwa na watu ni wachache, lakini bunduki zimelia huko kwa ajili ya mawe ya bati ya Bisie. Kwa hiyo mkifika kijijini msianze kuhesabu watoto. Ulizeni nani ameshika nini, tangu lini, na kwa karatasi gani.

Sisemi kwamba wingi si kitu. Baba mwenye hekta moja, yaani mita 100 kwa 100, akigawia wana wanne, kila mmoja hupata mita 50 kwa 50. Nao wakipata wana wanne wanne, mjukuu anabaki na mita 25 kwa 25. Hapo hakuna tena kulaza shamba. Maharage yanafuata maharage, udongo unachoka, na kwenye mteremko mvua inaubeba mpaka mtoni. (Nimehesabu wavulana tu, kama desturi inavyofanya. Mabinti mtawakuta kwenye bwasa, yaani mashamba ya kukodi.)

Lakini hekta ile moja ilikuwa ndogo hata kabla ya watoto kuzaliwa. Mwaka 1928 wakoloni waliunda Comité National du Kivu na kuipa mamlaka juu ya ardhi, mashamba makubwa ya wazungu yakatanda. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema ardhi yote ni ya Leta, yaani Serikali, na Novemba mwaka huohuo mali za wageni, mashamba yakiwemo, zikaanza kupewa wakubwa wa Zaire. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianza mwaka 1970 na hekta 60,000, mwaka 1975 ikafika karibu 600,000, na Batwa waliokaa mle wakatolewa bila fidia. Kila kipande kilichokatwa kiliwasukuma watu kwenye kipande kilichobaki, halafu tunawalaumu kwa kubanana.

Sheria ile ya 1973 ilisema pia kwamba haki za wanaokaa kwa desturi zitapangwa na amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Ndiyo maana mtakuta shamba moja lina wenyewe wawili, na hakuna anayedanganya: mmoja babu yake alitoa kalinzi, yaani ng'ombe wa kupewa ardhi, kwa mwami (mfalme wa desturi), ng'ombe akaonekana na watu, mwingine ana sertifika, hati ya ardhi ya mjini. Msimwite yeyote mwizi kabla hamjajua uchunguzi wa ardhi ulifanywa lini na jirani yupi aliulizwa. Sertifika ikishapita miaka miwili, kuivunja mahakamani ni kazi ngumu mno. Basi watu wa kadasta, ofisi ya kupima ardhi, wakionekana kilimani na vyombo vya kupimia, wanakijiji waende kusema siku hiyohiyo, mbele ya chifu wa grupema (kundi la vijiji), na maneno yao yaandikwe.

Yaangalieni sana mabonde ya maji. Kiangazi, kuanzia Juni, ndiko maskini hulima chakula cha kungojea mavuno ya mlimani. Tajiri akizungushia bonde ua kwa ajili ya ng'ombe wake, waliolima pale hupanda kwenye mteremko mkali au huingia msituni kuchoma makala. Tanuru la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala kwa kilo 100 za kuni. Hebu pimeni wenyewe mti unaokwenda kwa gunia moja. Ugomvi wa bonde mmoja usiotatuliwa huzaa ugomvi wa pili mbali na bonde, na wa pili ndio utakaoletewa kwenu.

Sasa bwasa, kwa sababu kesi zenu nyingi zitakuwa hizo. Ni kukodi shamba kwa msimu au mwaka, na wengi wanaokodi ni wanawake. Mwenye shamba hukataza migomba, kahawa na miti, kwa kuwa anayepanda kinachodumu anaonekana ana haki ya kudumu. Mapatano yakiwa ya mdomo tu, mwaka wa tatu mikaratusi imeshasimama na kila mtu anaapa. Andikeni: mazao yanayoruhusiwa, tarehe ya kuanza na ya kuachia, nani atavuna mihogo ikichelewa, majirani wa pande nne kwa majina. Nakala tatu, moja ikae kwa chifu. Msipime kwa hatua, maana hatua ya mrefu si ya mfupi. Tumieni utepe wa mita. Kamba ya katani hufupika ikilowa. Mpaka upandiwe mmea siku hiyohiyo, wote wawili wakishika jembe. Mjane asikilizwe peke yake kwanza, shemeji zake wakiwa mbali.

Hatari mtaisikia kwenye maneno kabla ya kuiona. Leo mtu anasema "jirani yangu amesogeza mpaka". Akianza kusema "wale watu", jueni kuna mtu anayemfundisha, na mara nyingi mtu huyo anataka shamba au kiti. Katika daftari lenu wekeni jina la mtu na jina la shamba. Kabila lisiandikwe hata mara moja. Na upande mmoja ukisema umeshapeleka kesi kwa wenye silaha, simamisheni kikao. Hukumu ya bunduki hugeuka kilima kikibadilisha wenyewe, na aliyeshindwa huondoka kutafuta bunduki yake.

Mvua za Septemba zikianza, kila mtu atakuwa na jembe mkononi na hasira karibu. Pandeni mlima Julai, barabara zikiwa kavu na bonde likiwa na watu.

Mzee wenu wa Kadutu