Mdogo wangu, kuna mstari sikukusomea

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, lakini najua hapa unapita kusoma. Basi soma.

Siku ile ulikuwa umelalia ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, tumbo limevutika mpaka linang'aa. Chali ulikuwa huwezi tena, pumzi zinakatika. Ukanipa karatasi ya altrasaundi: "Dada, nisomee, macho yamechoka." Nikasoma. Wiki 32, mtoto mmoja, moyo unapiga vizuri, maji ya uzazi sentimita 31. Nikakwambia, "Maji yamezidi kidogo tu." Kidogo! Yakifika 25 tayari yameshazidi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: mfuko wa chakula wa mtoto hauonekani. Nikaikunja karatasi.

Maana yake niliijua, au nusu yake. Mtoto huyameza maji yale, akayakojoa, akayameza tena, ndiyo maana hayafuriki. Asipoweza kumeza yanajaa, na mfuko wake wa chakula unabaki mtupu, picha haiuoni. Lakini nilijua pia kwamba wengi wanaozidiwa maji chanzo hakionekani, na watoto wao wanazaliwa wazima. Wengine ni kisukari cha mimba. Wewe sukari ilipimwa, ikawa sawa. Hilo lilipaswa kunishtua, mimi nikalifanya habari njema.

Daktari alitaka turudi na karatasi ile baada ya siku mbili. Ni mimi niliyesema tusubiri wiki, upumzike kwanza. Ungepata usingizi kweli kama ningekusomea yote? Nakujua tangu utotoni, ungelia mpaka uchungu uanze.

Ukaanza hata hivyo. Na chupa ilipopasuka saa nane usiku, nani alikuwa amekufundisha usisimame, ulale, uinue nyonga, uwahishwe, maana maji mengi yakitoka kwa kishindo kamba ya kitovu huweza kutangulia mtoto? Mimi. Hilo husemi kwa watu.

Mjamzito unayesoma hapa, karatasi yako isome mwenyewe mpaka mwisho, usiyoelewa uliza. Usimpe dada.

Mkunga alipitisha mpira mwembamba mdomoni kwa mtoto. Ukaingia kidogo, ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma palepale: njia yake ya chakula imeishia kooni, haifiki tumboni. Povu wanafuta, linarudi. Ukanigeukia mimi, daktari yupo pembeni yako: "Dada, ulijua?"

Nikasema sikujua.

Ule mstari naweza kuutetea mpaka kesho. Hili la pili, kusema sikujua, silitetei. Tungerudi siku mbili zile, pengine ungepangiwa kujifungulia penye wapasuaji wa watoto wachanga, mkawa pamoja. Badala yake mtoto alisafirishwa hana hata siku moja, nawe ukabaki unavuja damu, mfuko wa uzazi umetanuka mno hautaki kukaza, na mkono niliokushika ukautoa.

Lakini miezi sita, mdogo wangu? Hata sauti yake sijaisikia. Nasikia anameza mwenyewe sasa. Kwenye picha uliyomtumia mama nimeona kovu chini ya kwapa la kulia, nikalivuta karibu mpaka picha ikavurugika.

Karatasi ninayo. Nimeikunja vilevile. Niambie siku, nije niisome mbele yako, yote.