Wazee wanaosahau wapelekwe hospitali mapema

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu Stanley Prusiner, mtafiti wa Marekani wa magonjwa ya ubongo. Mwaka 1972 alimpoteza mgonjwa ambaye kumbukumbu zilimtoka kwa kasi. Miaka 10 baadaye alieleza kwamba protini iliyojikunja vibaya, aliyoiita prioni, huzikunja na nyingine hadi seli za ubongo zife. Wenzake wengi walimpinga, naye hakutetereka. Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ugonjwa wa nyanya yangu hapa Mji wa Kale haukuwa huo, lakini nao ulikuwa wa ubongo. Alikuwa akiandaa sahani 2 kila magharibi, akimwita babu, marehemu wa miaka mingi, aje kula. Majirani walisema ana jini. Tukamzungusha kwa waganga, na muda huo mpaka leo unaniuma.

Naiomba idara ya afya ya kaunti iwafunze wahudumu wa afya ya jamii dalili hizi, kwani wao ndio wanaoingia majumbani. Maimamu na wachungaji nao wahusishwe, maana familia huwaendea wao kwanza.

Wako mwaminifu,
Mjukuu, Mji wa Kale, Mombasa