Sukari Ikishuka, Ubongo Hausubiri

Wateja wetu wengi wenye kisukari wanaogopa namba kubwa tu. Mtu akipima sukari ya damu akaona 14 (kwa kipimo cha mmol/L), siku imeharibika: anapunguza wali, anaacha soda, anatuuliza kama dozi iongezwe. Akiona 3.2 anashukuru kwamba dawa inafanya kazi. Shukrani hiyo inatutia hofu kuliko ile 14, na tungependa kila anayenunua dawa za sukari kwetu aelewe kwa nini.

Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika. Kwa mtu mzima hiyo ni takriban gramu 100 hadi 120 za glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa siku, na ubongo wenyewe hauna akiba ya maana. Unaishi kwa kile kinacholetwa na damu saa hiyo hiyo.

Sasa, damu haimwagi mzigo wake ovyo ndani ya ubongo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, daktari wa Ujerumani, aliwachoma wanyama sindano za rangi. Karibu viungo vyote vikabadilika rangi, ubongo ukabaki vilevile. Yeye alidhani ubongo haushiki rangi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaja kuiweka rangi kwenye majimaji ya ubongo wenyewe mwaka 1913. Safari hii ubongo ukashika rangi na mwili mwingine haukushika. Kumbe kuna kizuizi. Leo tunajua kwamba seli za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimeshonana kabisa, hazina nafasi kati yake, tofauti na sehemu nyingi za mwili.

Glukosi basi haipenyi yenyewe. Inavushwa na protini iitwayo GLUT1, ambayo ni kama mlango kwenye kizuizi hicho. Mlango huu hauhitaji insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili ufunguke, tofauti na ilivyo kwenye misuli na mafuta. Hapo ndipo hatari ilipo. Insulini inapozidi, misuli na mafuta huvuta sukari kwa nguvu, ini nalo linapunguza kuitoa, na ubongo unaachiwa kilichobaki. Hata siku za kawaida, kiwango cha glukosi ndani ya ubongo ni kidogo sana kuliko cha kwenye damu. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3, kinachovuka hakitoshi.

Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na hitilafu kwenye GLUT1. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mwaka 1991. Sukari yao ya damu ni nzuri kabisa, lakini wanapata degedege kwa sababu haivuki vya kutosha. Husaidiwa kwa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili ini litengeneze ketoni, yaani nishati inayotokana na mafuta. Ketoni huvuka kwa protini nyingine, na ubongo unaweza kuzitumia.

Mtu mwenye afya akikaa na njaa muda mrefu hupata msaada huo huo wa ketoni. Lakini insulini nyingi huzuia ini kutengeneza ketoni! Kwa hiyo aliyejidunga insulini kupita kiasi, au aliyemeza glibenklamidi (kidonge kinachoufanya mwili utoe insulini zaidi) asile, amekosa sukari na amekosa mbadala wake pia. Tunasisitiza jambo hili zaidi Ramadhani inapokaribia, kwa sababu mzee anayefunga huku anameza dozi ileile ya asubuhi hayuko sawa na jirani yake anayefunga bila dawa.

Dalili za kwanza ni jasho, kutetemeka, njaa na moyo kwenda mbio. Zikipuuzwa, ubongo wenyewe huanza kukwama: maneno hayatoki sawasawa, hasira bila sababu, macho kuona ukungu, kisha degedege au kuzimia. Watu pembeni husema amelewa, au amepandisha. Mpimeni sukari kwanza. Na anayeshuka mara kwa mara huzoea, zile dalili za mwanzo zikapotea, akaanguka bila onyo. Propranololi, dawa ya presha na moyo, nayo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo, ingawa jasho hubaki.

Ukipata chini ya 3.9 na unaweza kumeza, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda. Ikishapanda, kula chakula. Ukiwa umefunga, fungua, usingoje magharibi. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakuharibu saumu, kwa hiyo pima mchana bila wasiwasi. Aliyezimia asinyweshwe chochote: akimbizwe hospitali apewe glukosi kwa mshipa.

Hapa dukani tunapima sukari wakati wowote tukiwa wazi, na tunakagua mashine yako kama inasoma sawa na vipande vyake havijaisha muda. Kabla ya Ramadhani, njoo na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za presha. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na insulini ndizo tunazoziangalia kwa makini, hasa kwa wazee na wenye matatizo ya figo. Hatubadilishi dozi sisi wenyewe. Tunakuandikia barua ya kumpelekea daktari wako, tukiorodhesha unachomeza, saa unazomeza, na namba ulizopima.