Jakande wa Lagos naye aandikwe

Mhariri,

Mkiandika habari za Nigeria mnaandika marais tu, magavana mnawaruka, na mi naona Lateef Jakande anastahili ukurasa mzima. Jamaa alikuwa mwandishi wa habari kabla hajawa gavana wa Lagos 1979, na kwa miaka minne tu, mpaka jeshi lilipopindua serikali mwisho wa 1983, alifuta ule mtindo wa watoto kusoma kwa zamu, akajenga madarasa kibao ya kawaida kabisa, wapo walioyabeza lakini watoto wakasoma bure humo. Zile nyumba za bei nafuu alizojenga mpaka leo watu wanaziita Jakande.

Kinachoniuma ni treni ya mjini aliyoianzisha, serikali ya jeshi ikaufuta mradi 1985, Lagos ikakaa kwenye foleni mpaka 2023 ndo abiria wakapanda treni ya mjini ya Blue Line, jamani!

Kweli baadaye alikubali uwaziri chini ya Abacha, yule mtawala wa kijeshi, na wengi hawakumsamehe, hata mi naona alikosea. Ila mpaka anafariki Februari 2021 akiwa na miaka 91, alikuwa bado anaishi kwenye nyumba yake ileile ya mtaa wa Ilupeju, Lagos.

Msomaji wenu,
Tanga